Wajumbe wa Mwili katika Maradhi ya Saratani



Katika majumba yetu yako maneno ambayo husemwa kila anapougua mtu na kukonda. Husemwa kwamba hali chakula. Mke huambiwa hajui kumwangalia mumewe, binti hulaumiwa kwa uji wake, na mgonjwa mwenyewe hushutumiwa kuwa ni mkaidi. Zikipita siku bila ya nafuu, watu huanza kunong'onezana kwamba hapana budi uko mkono wa mtu. Mwezi huu tumekusudia kueleza jambo moja katika elimu ya tiba ambalo lau lingalijulikana majumbani lingaliwaondolea wengi lawama hizo, na pengine lingaliwafikisha wengine hospitali mapema zaidi. Jambo lenyewe ni habari za protini ndogo ndogo ambazo askari wa mwili hupelekeana mfano wa barua. Wataalamu huziita saitokaini. Sisi hapa tutaziita wajumbe, kwani kazi yao ni hiyo ya ujumbe, na jina hilo litatusahilishia maneno.

Kijana aliyepata kukanyaga mwiba mchafu ameziona kazi za wajumbe hao ingawa hakuwajua. Mguu huwa mwekundu, ukapata moto, ukavimba. Usiku huja homa, na asubuhi chakula hakipiti. Watu hudhani kuwa homa hiyo huletwa na uchafu wenyewe. Lakini sivyo hasa ilivyo. Chembe nyeupe za damu zinapowakuta wadudu katika jeraha hutoa wajumbe, nao huenda pande zote pamoja na damu. Baadhi yao huamrisha mishipa midogo ifunguke ili askari wengine wapite. Wengine hufika katika ubongo wakautaka upandishe joto la mwili na kuiondoa hamu ya chakula. Mwingine, aitwaye intalukini ya sita, huliendea ini, nalo hutengeneza protini nyingine ambayo mahospitali huipima kwa jina la CRP. Na yote hayo hufanywa na kiasi kidogo mno: mtu mzima asiye na maradhi, ukiigawanya gramu moja mafungu bilioni moja, ni mafungu machache tu ya intalukini hiyo yanayopatikana katika lita nzima ya damu yake.

Jeraha likipona, wajumbe hunyamaza. Taabu huanza pale wasiponyamaza.

Ipo hadithi moja ya kweli ambayo twapenda kuisimulia kwa urefu kidogo, kwa sababu nusu yake ilitokea katika nchi zetu hizi. Mwaka 1891 daktari mmoja wa upasuaji wa New York, William Coley, alianza kuwadunga wagonjwa wa saratani wadudu wa ugonjwa wa ngozi uletao homa kali. Aliyafanya hayo baada ya kukuta katika madaftari ya hospitali habari za mgonjwa ambaye uvimbe wake ulitoweka baada ya kushikwa na ugonjwa huo. Baadhi ya wagonjwa wa Coley walipona, na wengine walikufa kwa homa aliyowatia. Baadaye akatumia wadudu waliokwisha kuuawa. Wenzake wengi hawakumwamini, na zilipokuja tiba za mionzi, dawa yake ikawekwa kando. Hata hivyo swali lilibaki: ni kitu gani katika homa ile kilichouyeyusha uvimbe? Jibu lilipatikana katika mji huo huo mwaka 1975, katika taasisi ya Sloan-Kettering. Elizabeth Carswell, Lloyd Old na wenzao waliwatia panya chanjo ya kifua kikuu kisha sumu ya bakteria, wakachukua maji ya damu yao na kuwapa panya wengine wenye uvimbe. Uvimbe ukawa mweusi, ukafa. Katika maji yale alikuwamo mjumbe, nao wakampa jina lenye maana ya kitu kifishacho uvimbe. Kwa ufupi huitwa TNF.

Sasa nusu ya pili. Mnamo mwisho wa miaka ya 1970 mtaalamu mwingine, Anthony Cerami wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, alikuwa Kenya akichunguza nagana, yale maradhi ya ng'ombe yaletwayo na mbung'o. Wafugaji wanayajua vyema. Ng'ombe hukonda mpaka mbavu zikahesabika. Lililomstaajabisha Cerami ni kwamba katika damu ya mnyama aliyekwisha kudhoofika hivyo, wadudu walikuwa wachache sana. Wadudu wachache namna ile wangewezaje kula nyama yote ya ng'ombe? Akaona kwamba ng'ombe haliwi na wadudu. Kipo kitu ambacho mwili wa ng'ombe wenyewe hukitoa kwa ajili ya vita, nacho ndicho kiyayushacho nyama na mafuta. Alirudi kwao akakitafuta kitu hicho miaka kadhaa, akakiita kakektini, kutokana na neno la Kiyunani lenye maana ya hali mbaya. Mwaka 1985 yeye na Bruce Beutler na wenzao walipokisafisha na kukisoma vizuri, walikuta ni kile kile: kakektini na TNF ni kitu kimoja. Aliyetafutwa kama muuaji wa saratani, na aliyetafutwa kama mkondeshaji wa ng'ombe, alikuwa mjumbe yule yule mmoja. Ajabu nyingine ni kwamba taasisi hizo mbili za New York ni majirani. Kilichozitenga ni barabara. Jawabu lililokuwa ng'ambo ya barabara lilipita kwanza katika malisho ya Kenya.

Tumeitaja habari hii si kwa kustarehesha, bali kwa kuwa ndani yake mna maelezo ya yule mgonjwa wetu anayekonda. Saratani nyingi huwafanya wajumbe wapige mbiu mchana na usiku, kwa miezi. Misuli huamrishwa ivunjike, ini huacha kazi zake nyingine likatengeneza protini za vita, na ubongo huambiwa usitake chakula. Mgonjwa hula kidogo kwa sababu hamu imeondolewa kwake; na hata akilishwa vizuri, nyama yake huendelea kupungua, ingawa si kwa kasi ile ya aachwaye na njaa. Haya ni tofauti na njaa ya kawaida, ambayo huondoka kwa sahani ya wali. Basi mke aliyepika akarudishiwa sahani haikumpasa kulaumiwa, wala mgonjwa haikumpasa kulazimishwa mpaka atapike. Chakula kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku, chenye mayai, samaki, maziwa au kunde, na kutembea kidogo awezapo, humfaa zaidi kuliko karamu iletwayo mara moja kwa huruma ya jamaa.

Madaktari wanayo kadiri yao katika jambo hili, nayo yafaa kila nyumba iijue. Mtu akipoteza zaidi ya sehemu 5 katika 100 za uzito wake kwa muda wa miezi 6, bila ya kukusudia, hilo si jambo la kungojewa. Mtu wa kilo 60 ni kilo 3 tu. Nguo hujua mapema kuliko macho: mshipi uliohamia tundu la ndani, kanzu iliyoanza kuning'inia mabegani. Mizani iko karibu katika kila zahanati, na kumpima mzee wako hakumvunjii heshima.

Huenda mtu akauliza: iwapo wajumbe hao wanajulikana na wanapimika, mbona tusitoe damu kidogo, wakahesabiwa, tukajua nani ana saratani na nani hana? Swali hili ni zuri, na jibu lake lina faida kubwa katika nchi zetu. Wajumbe hutangaza kwamba iko vita. Hawasemi adui ni nani. Intalukini ya sita na CRP hupanda kwa saratani, hupanda kwa malaria, hupanda kwa kifua kikuu na kwa kidonda cha mguu. Hapa ndipo watu wengi walipopotea njia. Kifua kikuu na saratani ya tezi iitwayo limfoma huweza kumjia mtu kwa sura moja: homa za jioni, jasho la usiku la kulowesha shuka, kukonda, tezi za shingoni kuvimba. Havifanani kwa bahati. Vyote viwili huwatuma wajumbe wa namna moja. Kwa kuwa kifua kikuu ni kingi kwetu, mgonjwa aghalabu huanzishiwa dawa zake, na mara nyingi hilo ni sawa. Lakini ikiwa wadudu wa kifua kikuu hawakuonekana katika vipimo, na dawa zimetumika kwa wiki kadhaa wala tezi hazipungui, basi ni haki ya jamaa kuuliza kwa adabu: je, tezi hii haifai kukatwa kinyama kidogo kikatazamwe kwa hadubini? Swali hilo moja limepata kubadilisha mambo mengi. Kinyama ndicho kisemacho jina la ugonjwa. Damu hueleza tu ukali wa vita.

Hata hivyo ukali wa vita nao una maana. Huko Glasgow, katika Uskochi, madaktari walitunga hesabu nyepesi yenye kutazama CRP pamoja na protini nyingine ya damu iitwayo albumini, ili kukadiria nguvu za mgonjwa ambaye saratani yake imekwisha kujulikana. Vipimo hivyo viwili si vya anasa.

Tuje sasa kwenye tiba. Mwaka 1957, katika maabara ya Mill Hill, London, Alick Isaacs na Jean Lindenmann waligundua mjumbe ambaye chembe iliyoingiliwa na virusi humtoa ili kuwaonya jirani zake. Wakamwita intaferoni. Katika miaka ya 1970 Kari Cantell wa Helsinki alikuwa akimkamua mjumbe huyo kutoka katika damu iliyotolewa na watu, kwa taabu kubwa na kwa kiasi kidogo, na magazeti ya ulimwengu yalikwisha kutangaza kwamba dawa ya saratani imepatikana. Haikuwa hivyo. Ilipokubaliwa Marekani mwaka 1986, ilikuwa kwa aina moja adimu ya saratani ya damu. Na mwaka 1988 kwa saratani ya ngozi iitwayo Kaposi kwa wagonjwa wa UKIMWI, ambayo Afrika ya Mashariki inaifahamu sana. Kwa wengine iliwapa homa na uchovu, na uvimbe ukabaki pale pale.

Kisha ikaja intalukini ya pili. Steven Rosenberg, wa taasisi ya saratani ya Bethesda, aliwapa wagonjwa wengi bila ya mafanikio, mpaka mwaka 1984 uvimbe wa mwanamke mmoja aliyekwisha kukatiwa tamaa ulipotoweka. Dawa ilikubaliwa kwa saratani ya figo mwaka 1992. Twasema kweli: katika kila wagonjwa 100 wapatao 15 tu uvimbe wao ulipungua, na chini ya 10 ulitoweka kabisa, lakini wengi wa hao wachache waliishi miaka mingi. Bei ya uhai huo ilikuwa kubwa. Mishipa ya damu ilivuja kwa amri ya mjumbe huyo, maji yakajaa mapafuni, shinikizo la damu likashuka, na baadhi ya wagonjwa wakafa kwa dawa yenyewe. Na yule TNF, kitu kifishacho uvimbe? Alipodungwa mwilini alimwangusha mgonjwa kabla ya kuuangusha uvimbe. Matabibu wa Ulaya wakapata hila: huufunga mguu wenye saratani usipokee damu ya mwili, wakauzungusha kwa damu ya mashine peke yake, kisha wakamtia mjumbe humo kwa wingi ambao mwili mzima usingeustahimili. Tiba hiyo ilikubaliwa Ulaya mwaka 1999, na miguu mingi ambayo ingalikatwa ilisalimika.

Iko tiba nyingine ambayo kila mama anaijua nusu. Chanjo ya kifua kikuu, BCG, ile iachayo kovu dogo katika mkono wa mtoto, tangu taarifa ya Alvaro Morales ya mwaka 1976 hutiwa katika kibofu cha mgonjwa ambaye saratani yake haijazama katika misuli ya kibofu. Wajumbe huamka pale pale, wakaita askari pale pale, na mwili uliobaki hupata taabu kidogo. Tiba hii ingali inatumika. Lakini mwako ule ule ukidumu miaka katika kibofu, kama ufanyavyo kwa mtu mwenye kichocho kisichotibiwa, huweza kuwa chanzo cha saratani. Wazee wa Unguja na Pemba waliokojoa damu utotoni wakadhani ni dalili ya kubaleghe, na vijana waogao leo katika mabwawa na vijito vyenye konokono, yawahusu habari hii. Dawa ya kichocho ni vidonge vya kumezwa siku moja.

Katika yote tuliyosoma hapana lililotugusa kama la mwaka 2012 huko Philadelphia. Mtoto mwenye saratani ya damu ambayo dawa zote zilishindwa alitolewa chembe zake nyeupe, zikafundishwa katika maabara kuitambua saratani, akarudishiwa. Zikapigana, na mtoto akawa mahututi, akipumua kwa mashine. Damu yake ilipopimwa, intalukini ya sita ilionekana imepanda kupita kiasi. Ilikuwapo dawa ya kuuziba mlango wa mjumbe huyo, iliyotokana na kazi ya Tadamitsu Kishimoto wa Osaka, nayo ilitengenezwa kwa ajili ya baridi yabisi ya viungo, si kwa saratani. Madaktari walimpa. Baada ya saa chache homa ikashuka, na katika siku zilizofuata mtoto akaamka, na saratani ikawa imeondoka. Hapo kumpima mjumbe ndiko kulikookoa roho, na tiba ilikuwa kumnyamazisha.

Tasuku Honjo wa Kyoto na James Allison wa Marekani waliipata njia nyingine kabisa. Ziko protini ambazo hukaa juu ya chembe na husema neno la amani: "Mimi ni wa nyumbani, nipite." Askari wa mwili wakilisikia neno hilo hushusha silaha, na ni rehema kwetu, maana bila yake wangetuvunja wenyewe. Saratani nyingi zimeiba neno hilo. Honjo na wenzake waliigundua protini ya PD-1, iliyo sikio la askari, mwaka 1992. Allison mwaka 1996 alionyesha kwa panya kwamba breki nyingine ya askari ikizibwa, uvimbe hutoweka. Walipewa tuzo ya Nobel pamoja mwaka 2018. Jimmy Carter, aliyekuwa rais wa Marekani, alitangaza mwaka 2015 kwamba saratani ya ngozi imefika ubongoni mwake. Alitibiwa kwa mionzi na kwa dawa ya namna hii, naye aliishi hadi Desemba 2024, akiwa na umri wa miaka 100. Si kila mtu hupata hayo. Wengi dawa haiwafai, na wengine askari waliofunguliwa huwashambulia utumbo, mapafu au tezi ya shingo. Bei yake nayo ni mzigo ambao nyumba nyingi za kwetu haziwezi kuubeba zenyewe.

Baada ya maelezo haya msomaji atafahamu kwa nini hatupendezwi na chupa ziuzwazo misikitini baada ya swala, sokoni, na siku hizi katika simu, zikiandikwa "huongeza kinga, huponya saratani". Asali na habasoda ni vyakula vyema na hatuvisemi vibaya. Lakini kinga si maji ya mtungi kwamba yakipungua huongezwa. Ni maongezi baina ya wajumbe wengi, na mtu aliyemwongeza mmoja wao bila ya kipimo alikuta mishipa inavuja. Lau chupa ile ingaliongeza kinga kama isemavyo, ingalikuwa ni hatari ya kuwekwa chini ya ulinzi wa hospitali. Kwa bahati njema aghalabu haiongezi kitu. Hasara yake ni miezi: uvimbe wa titi uliokuwa kama punje ya mahindi hufika Ocean Road ama Kenyatta ukiwa umekwisha kuwa kidonda.

Limebaki neno moja la matumizi. Kinyama kinapokatwa hospitalini, huhifadhiwa katika nta, na huweza kukaa humo miaka. Iwapo baadaye daktari atataka kujua kama saratani hiyo imevaa lile neno la amani, liitwalo PD-L1, au alama nyingine ya kumwongoza katika kuchagua dawa, kipimo huweza kufanywa katika kinyama kile kile bila ya kumkata mgonjwa mara ya pili. Lakini lazima ijulikane kiko maabara gani, na kwa nambari gani. Tumesikia habari za wagonjwa waliosafiri siku mbili kufika hospitali kubwa hali karatasi ya majibu imeachwa nyumbani, wakaanzishwa upya. Karatasi hiyo itiwe katika bahasha pamoja na cheti cha kuzaliwa na hati za nyumba, na mmoja wa vijana wenye kusoma vizuri akabidhiwe, ainakili nambari yake katika daftari, na awe ndiye aendaye na mgonjwa kila siku ya kliniki.